Darasa la Wenye Makosa: Programu ya SEEK na Uhakiki Uliozaliwa Humo

Makala haya yanahusu darasa moja ambalo, kwa ratiba, halikuwa la fasihi. Lilikuwa darasa la kufundisha kuandika Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa vijana Weusi na Wapuerto Rico wa jiji la New York, wengi wao wakiwa wamezaliwa na kukulia humo humo na Kiingereza wakikizungumza tangu utotoni, lakini walipofika mlangoni pa chuo kikuu wakaambiwa hawakijui. Programu iliyowaingiza iliitwa SEEK, kifupi cha maneno yenye maana ya kutafuta elimu, kuinuliwa na maarifa. Ilizaliwa katika City College kati ya 1965 na 1966. Nakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uhakiki wa fasihi ya Wamarekani Weusi tunaousoma leo, hasa ule wa wanawake, ilipata umbo katika vyumba vya darasa hilo, na kwamba wanafunzi waliosaidia kulifinyanga umbo hilo wameachwa nje ya historia.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya pengo ninaloliona katika namna tunavyoisoma fasihi hiyo. Tunaanza na simulizi za watumwa, tunapita kwenye Mwamko wa Harlem wa miaka ya 1920, tunasimama kidogo kwa Richard Wright na James Baldwin, kisha tunaruka mpaka kwa Toni Morrison na Nobel yake ya 1993. Hapo katikati tunaambiwa kulikuwa na maandamano na mashairi ya hasira, basi. Hakuna anayeuliza: hawa waandishi walikuwa wanakula wapi? Nani aliwalipa mshahara? Sisi tunaodai kuihakiki fasihi kwa kuihusisha na misingi yake ya kiuchumi tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Na ukiifuata mishahara yenyewe, kumbe inakupeleka mlango mmoja.

Kwanza tuelewane kuhusu programu za aina hii. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1964 ikaja Sheria ya Haki za Kiraia, na mwaka huo huo serikali ya Rais Lyndon Johnson ikapitisha sheria ya kile ilichokiita vita dhidi ya umaskini. Kutokana na sheria hii ya pili, kiangazi cha 1965 ulianza mpango wa Upward Bound, kwa majaribio, mahali 17. Vijana wa sekondari kutoka familia maskini walichukuliwa wakati wa likizo ndefu, kati ya Juni na Agosti, wakalala bwenini chuoni na kufundishwa hisabati, sayansi na uandishi. Kufikia 1968 mipango ya serikali kuu ya namna hiyo ilikuwa mitatu, ikaitwa kwa pamoja TRIO, na jina hilo limebaki hata baada ya mipango kuzidi mitatu. Vyuo navyo vilianza kuwa na kozi zao, ambazo mimi nitaziita kozi za kuvukia: wiki kadhaa za kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, ambapo mwanafunzi anajifunza kuandika insha ya chuo, anaijua maktaba, anampata mshauri wake, na pengine anapewa posho. Afrika Mashariki tuliyajaribu mambo ya jamaa moja na haya baadaye sana, na kwetu waliolengwa walikuwa wasichana: Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 za udahili mwaka 1990, na Mlimani ikawa na masomo ya kuwaandaa wasichana wa sayansi katika nusu ya pili ya muongo huo.

Neno lenyewe la Kiingereza linalotumika kwa wanafunzi hao huwa tunalitafsiri kuwa “walio wachache”. Mimi silipendi. Harlem ya miaka ya 1960 hapakuwa na uchache wowote wa watu Weusi. Walikuwa wachache juu, chuoni.

Nasema juu kwa sababu City College, kama chuo chetu, kiko mlimani. Kilianzishwa mwaka 1847 kwa jina la Free Academy, chuo cha umma kisichotoza ada, na mwaka 1907 kikahamia kwenye majengo yake ya mawe kileleni. Chini yake, ukivuka bustani ya St. Nicholas, ndiyo Harlem. Kwa miongo kadhaa kilikuwa ngazi ya watoto wa wahamiaji maskini, hasa Wayahudi, kupandia tabaka la kati. Ada hapakuwa, lakini mlango ulilindwa na kitu kingine: wastani wa alama za sekondari, uliokuwa mkubwa sana. Vijana Weusi na Wapuerto Rico walikuwa wanapelekwa kwenye michepuo ya ufundi au ya masomo ya jumla ambayo haikuandaa mtu kwa chuo, kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kwao bila mtu kuhitaji kuandika “Weusi marufuku” popote. Chuo cha bure, katikati ya mtaa wa watu Weusi, na humo ndani wanafunzi Weusi wa kuhesabu kwa vidole!

Mwaka 1965 City College ilianza kwa majaribio kuwaingiza vijana 100 na ushee kutoka mitaa maskini, waliokuwa na cheti cha sekondari lakini si zile alama. Aliyelisukuma jambo hilo mwanzoni ni mwanasaikolojia Leslie Berger, na historia hiyo ya fani yake inaonekana katika muundo wenyewe: kila mwanafunzi alikuwa na mshauri. Mwaka 1966 bunge la jimbo la New York likaifanya SEEK kuwa sheria na kuipa fedha. Miongoni mwa wabunge wa jimbo walioipigania alikuwemo Shirley Chisholm, ambaye mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani. Mwanafunzi wa SEEK alipewa madarasa madogo, mwalimu wa ziada, vitabu na posho (kwa lugha ya hapa, bumu). Baadhi walipangishiwa vyumba katika hoteli ya Alamac, Broadway, ili wapate mahali pa kusomea. Nilitaka msomaji ayaone haya kabla hatujafika kwenye mashairi. Mtu anayelala na wadogo zake wanne chumba kimoja hasaidiwi na ushauri mtupu.

Sasa nani awafundishe hao? Hapa ndipo hadithi yetu inapoanza kunoga. Maprofesa wa Idara ya Kiingereza, wengi wao, hawakuwa na hamu ya kusahihisha insha za msingi. Kazi ilikwenda kwa wahadhiri wa mkataba, watu wenye shida ya mshahara, na wenye shida ya mshahara mara nyingi ni washairi. Toni Cade, ambaye baadaye alijiongezea jina la Bambara, alifundisha City College kuanzia 1965 hadi 1969. Barbara Christian alikuwepo, akiwa bado anasomea udaktari Columbia. Addison Gayle alikuwepo. June Jordan aliingia 1967. Mwaka 1968 wakaja Audre Lorde, aliyekuwa ametoka kufundisha mashairi katika chuo cha Tougaloo, Mississippi, na Adrienne Rich, mshairi mweupe aliyekuwa na jina kubwa tayari. Aliyeongoza ufundishaji wa kuandika, kuanzia 1967, ni Mina Shaughnessy, binti wa mchimba madini wa South Dakota. Hakuwa na shahada ya udaktari, na hilo katika idara ya Kiingereza lilikuwa linamweka mahali pake.

Hebu tazama vitabu vilivyotoka kwa watu hao muda mfupi baadaye. The Black Woman, mkusanyiko uliohaririwa na Bambara, ulitoka 1970. The Black Aesthetic, kitabu ambacho kila semina ya ujumi wa Weusi haina budi kukigusa, kilihaririwa na Gayle na kutoka 1971. Black Women Novelists cha Christian, uhakiki wa mwanzo kabisa wa kuiona riwaya ya wanawake Weusi kuwa ni mapokeo yenye historia yake, kilitoka 1980. Morrison mwenyewe, akiwa mhariri wa Random House, ndiye aliyehariri hadithi fupi za Bambara, Gorilla, My Love, mwaka 1972, na mashairi ya Jordan, Things That I Do in the Dark, mwaka 1977. Wapo watakaosema ni sadfa tu: New York ni mji wa waandishi, wangekutana popote. Sikubaliani nao. Waandishi kukutana ni jambo dogo, wanaweza kukutana baa. Jambo kubwa ni kwamba hawa walilazimika kila wiki kusimama mbele ya vijana wa Harlem, Bronx na Brooklyn na kujibu swali ambalo mhakiki aliyejifungia ofisini halimfikii: kwa nini nisome hiki? Mwalimu aliyekuja na orodha ya Waingereza wa karne ya 17 aliulizwa wako wapi watu wetu. Ili ajibu, ilimbidi atafute matini. Ikiwa matini hazikuchapishwa, ilimbidi azikusanye. Mikusanyiko ya miaka ile, kwa maoni yangu, ni nakala za kufundishia zilizopata jalada.

Bambara alilielewa hili mapema kuliko wenzake. Mwanzoni mwa 1969 aliandika katika gazeti la wanafunzi wa chuo makala ya kuwataka waijenge ndoto ya chuo kikuu cha Weusi wao wenyewe, wasingoje kupewa. The Black Woman nayo haikuwa ya mabingwa watupu: sauti za wanafunzi zimo, zimekaa bega kwa bega na za waandishi wenye majina.

Tukija kwenye suala la makosa, tunafika kwenye kiini. Insha za wanafunzi hao zilikuwa zimejaa yale ambayo kalamu nyekundu inayatafuta: kitenzi kisicho na kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, sentensi isiyo na kitenzi kishirikishi, alama za uakifishi zilizotawanyika. Shaughnessy alikaa na maandishi ya wanafunzi wapatao 4,000, yaliyoandikwa kati ya 1970 na 1974 kama mitihani ya kuwapanga madarasa, akayasoma jinsi sisi tunavyosoma shairi gumu. Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka 1977, na yeye akafariki kwa saratani mwaka uliofuata. Alichokigundua kinaelezeka kwa maneno machache: makosa yana mfumo. Mwanafunzi hakosei ovyo kama mtu anayerusha mawe gizani. Anafuata kanuni, ila kanuni hiyo ni ya lugha yake ya nyumbani, au ni kanuni aliyojitungia mwenyewe kutokana na mafunzo nusu nusu aliyopewa. Mwalimu asiyeiona kanuni hiyo anaandika “hovyo” pembeni na kuondoka zake.

Mswahili hapaswi kushangazwa na hili. Mtu wa bara anayechanganya /r/ na /l/ anafuata fonolojia ya lugha yake ya kwanza, na kila anayesoma isimu mwaka wa kwanza anafundishwa hivyo. Mtoto wa Mombasa akiandika Kimvita katika insha ya Kiswahili sanifu anakatwa alama, ilhali Muyaka aliandika katika lahaja hiyo hiyo na sisi tunamfanyia mtihani. Na ndugu zangu, sisi wenyewe tunaotahiniwa kwa Kiingereza katika karibu kila somo lisilokuwa Kiswahili, tunaijua ile hali ya kuwa na hoja kamili kichwani halafu karatasi inaonyesha mtu mwenye akili pungufu. Huwa tunaogopa supu kwa sababu ya lugha kuliko kwa sababu ya somo lenyewe. Tofauti ni kwamba sisi angalau tunaambiwa kuwa Kiingereza ni lugha ya kigeni kwetu. Kijana wa Harlem aliambiwa ni yake, na kwamba ameiharibu.

Shaughnessy hakukosa wapinzani. Mwaka 1991 Min-Zhan Lu, mhakiki aliyekulia Shanghai akizungumza Kiingereza nyumbani kwao na Kichina cha mapinduzi shuleni, alichapisha makala ya kumkosoa vikali. Hoja yake ni kwamba Shaughnessy aliichukulia lugha kama chombo tu cha kubebea maana ambayo tayari ipo. Kwa hiyo ukimfundisha mwanafunzi kubadili umbo la sentensi, eti maana yake inabaki salama. Lu anasema hapana: kuchagua umbo ni kuchagua upande, na mwanafunzi anayeacha namna ya kusema ya kwao anaacha pia namna ya kuona. Huu ni ule mjadala wetu wa fani na maudhui, umevaa nguo nyingine. Kwa mtazamo wangu Lu ana haki kinadharia, lakini hamtendei haki mwalimu mwenye wanafunzi ambao wataondolewa chuoni Juni kama hawajafaulu. Lu aliandika akiwa na miaka mingi ya kutafakari nyuma yake. Shaughnessy aliandika huku mlango ukianza kufungwa. Jordan ndiye, nadhani, aliyepita katikati yao kwa ujasiri zaidi: katika darasa alilolifundisha baadaye katika chuo cha Stony Brook, alilolieleza katika insha ya 1985, aliwafanya wanafunzi wachambue na kuandika kanuni za Kiingereza cha Weusi kama sarufi ya lugha yoyote, na pale polisi walipomuua kaka wa mwanafunzi mmoja, darasa lilijadili kwa kura iwapo barua yao ya kulaani iandikwe kwa lugha hiyo au kwa Kiingereza sanifu. Waliamua iandikwe kwa lugha yao, wakijua kabisa kwamba huenda magazeti yasiichapishe.

Sasa shairi. Mwaka 1968, mwaka ule ule alioingia SEEK, Rich aliandika “The Burning of Paper Instead of Children”, lililokuja kuchapishwa katika diwani yake The Will to Change ya 1971. Ni shairi la sehemu tano linalohusu kuchomwa kwa vitabu, mapenzi, na mashaka ya mshairi juu ya lugha anayoitumia, kwamba ndiyo hiyo hiyo lugha ya mtawala. Sehemu ya tatu inabadilika ghafla. Sentensi zinakuwa fupi, nyofu, zinazungumzia mateso ya umaskini, na sarufi yake si ile ya Rich. Inatokana na maandishi ya mwanafunzi wake. Wahakiki wengi wanaisifu sehemu hii kama kilele cha shairi, na mimi nakubali, kwani hapo ndipo mambo ambayo shairi limekuwa likiyazunguka yanasemwa bila kuzungushwa. Lakini niulize lile ambalo katika semina tungeuliza juu ya mtafiti anayekwenda kijijini na kinasa sauti: ndani ya shairi, aliyesema hayo ni nani? Jina halimo. Yale yale ambayo katika karatasi ya mtihani yangepigwa mstari mwekundu, katika diwani ya Rich yanasifiwa kuwa ni ushairi. Kilichobadilika ni jalada, na jina lililo juu ya jalada.

Simshutumu Rich kwa wizi, tuelewane. Insha yake ya 1972 kuhusu kufundisha lugha wakati wa udahili huria ni miongoni mwa maandishi ya kweli kabisa niliyoyasoma kuhusu ualimu. Anakiri humo kwamba alikwenda kutoa na akajikuta anapokea. Nachosema ni kwamba uhakiki unaolisoma shairi lile bila kulitaja darasa unarudia kosa ambalo shairi lenyewe linalilalamikia.

Wanafunzi hawakubaki kuwa malighafi. Tarehe 22 Aprili 1969 wanafunzi Weusi na Wapuerto Rico, wakiwemo wa SEEK, walifunga mageti ya kampasi ya kusini ya City College, wakaikalia kwa takriban wiki mbili na kuiita Chuo Kikuu cha Harlem. Madai yao yalikuwa matano. Walitaka kitivo cha taaluma za Weusi na Wapuerto Rico. Walitaka wiki ya kuwapokea wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza ipangwe peke yake. Walitaka sauti katika uendeshaji wa SEEK, pamoja na kuajiri na kufukuza walimu wake. Walitaka udahili ulingane na sura halisi ya sekondari za jiji. Na la tano, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kila anayesomea ualimu alazimike kusoma historia ya Weusi na Wapuerto Rico pamoja na lugha ya Kihispania. Yaani, kama ni kozi ya kurekebisha udhaifu, basi na walimu nao wakae darasani. Jordan aliandika kuhusu mgomo huo mwaka huo huo, akatetea taaluma za Weusi kuwa ni njia ya kumrudisha binadamu mzima chuoni.

Msomaji atakumbuka kwamba miezi sita tu kabla ya hapo, Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wameandika waraka wao pale Nairobi wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Tumezoea kuusoma waraka ule kama jambo la Kiafrika peke yake. Uwekwe mezani pamoja na madai ya Harlem. Nairobi walimu watatu waliandika waraka, Harlem wanafunzi walifunga geti, na swali lilikuwa lile lile la nani awe katikati ya orodha ya vitabu.

Rais wa chuo, Buell Gallagher, alijiuzulu. Mpango wa udahili huria ambao Chuo Kikuu cha Jiji (CUNY) kilikuwa kimeupangia 1975 ukaletwa mbele hadi vuli ya 1970: kila mhitimu wa sekondari wa jiji ahakikishiwe nafasi katika mojawapo ya vyuo vyake. Wanafunzi wapya wakafika takriban 35,000, kutoka kama 20,000 mwaka uliotangulia. Na hapa kuna jambo ambalo wapinga mpango hawapendi kulikumbuka: wengi waliofaidika walikuwa vijana weupe wa tabaka la wafanyakazi, Waitaliano na Waairishi, ambao nao walikuwa hawafikii zile alama. Geti lilifungwa na Weusi, likafunguliwa kwa wote.

Halikukaa wazi muda mrefu. Jiji la New York lilifilisika, au lilikaribia kabisa kufilisika, mwaka 1975. Mwaka 1976 CUNY ikaanza kutoza ada, baada ya miaka 129 ya elimu ya bure. Ilivumilia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vita viwili vya dunia na Mdororo Mkuu bila kutoza senti, na ada ikaja miaka sita baada ya watoto wa Harlem kuingia kwa wingi. Wachumi wana maelezo yao ya deni na hati fungani, na si ya uongo. Mimi nimetaja tarehe tu. Walimu wa mikataba walipunguzwa. Mwaka 1999 bodi ya CUNY iliamua kuondoa kozi za kurekebisha udhaifu katika vyuo vyake vya miaka minne. SEEK yenyewe haikufa. Ipo mpaka leo, na kozi yake ya kiangazi ipo, ila vigezo vyake sasa ni vya kipato. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Juni 2023, iliyokataza vyuo kuzingatia rangi katika udahili, imezidi kuzisukuma programu za aina hii nchini humo katika lugha ya umaskini, na neno rangi linazidi kuwekwa pembeni.

Lawama ya zamani ni kwamba programu hizi zilishusha kiwango. Kiwango cha nini? Kama ni kiwango cha kuweka kiambishi mahali pake, tuzungumze. Kama ni kiwango cha mawazo, basi mlalamikaji atuonyeshe ni darasa gani lenye wanafunzi wa alama za juu, katika miaka ile ile na katika mji ule ule, lililoacha nyuma yake walimu walioandika vitabu kama hivi nilivyovitaja. Uri Treisman, mwanahisabati wa Berkeley, alipowachunguza wanafunzi Weusi waliokuwa wanafeli kalkulasi katika miaka ya 1970, alikuta wana bidii, wanasoma usiku, na wazazi wao wanawaunga mkono. Tatizo ni kwamba walisoma kila mtu peke yake, wakati wenzao wa asili ya Kichina walikaa kwa vikundi na kusahihishana. Alipoanzisha vikundi, akawapa maswali magumu zaidi badala ya mepesi, na walifaulu. Upungufu uliokuwa unatafutwa ndani ya mwanafunzi ulikuwa nje yake.

Mwaka 2017 mradi wa uchapishaji wa CUNY uitwao Lost & Found ulitoa vijitabu vya maandishi ya ufundishaji ya Bambara, Jordan na Lorde, baada ya kutoa ya Rich miaka michache nyuma. Ni kazi njema, na aliye na njia ya kuvipata avipate. Lakini ni maandishi ya walimu. Ya wanafunzi yaliyo mengi na yaliyo rahisi kupatikana bado ni yale ya Shaughnessy, vipande visivyo na majina, vilivyowekwa kama mifano ya makosa. Mimi nimeanza kukisoma kitabu kile kwa kuruka maelezo na kuvifuata vipande vyenyewe mfululizo, kama mtu anavyosoma diwani. Mwanzoni kabisa yupo kijana aliyetakiwa kuandika insha ya mtihani. Anaandika sentensi, anaikata. Anaanza upya kwa maneno karibu yale yale, anakata tena katikati ya neno. Anaanza mara nyingine, na nyingine, kila safari akisogea maneno mawili matatu zaidi kabla ya kusimama, na Shaughnessy ameiandika kila safari kwa namba yake.